Mvinyo mwekundu: nianze na chupa zipi?

Swali: Habari zenu wanajamvi. Kwa miaka kadhaa nimekunywa mvinyo mtamu pekee, na sasa ningependa kuujua mwekundu usio na sukari. Lakini chupa ya kwanza niliyonunua, Cabernet Sauvignon, ilinikausha ulimi hadi nikaimalizia kwenye mchuzi wa nyama. Nianzie wapi?

Jibu la 1: Ndugu, huo ni ukakasi utokanao na maganda na mbegu za zabibu, ule ule wa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika, na Cabernet, yenye maganda manene, inao mwingi. Anza na Pinot Noir, ambayo ni nyepesi, kisha Merlot, ndipo uifikie Pinotage ya Afrika Kusini, zabibu iliyopatikana mwaka 1925 kwa kuzalisha Pinot Noir na Cinsaut pamoja. Cabernet irudie siku ya nyama choma. Mafuta na chumvi huupunguza ukakasi.

Jibu la 2: Msiisahau Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tafuta mvinyo wa zabibu za Makutupora, aina nyekundu ya huko, ila usome lebo kwanza, kwani kuna mtamu na usio mtamu.

Jibu la 3: "Joto la chumba" linaloandikwa kwenye chupa si la Dar es Salaam. Katika nyuzi 30, harufu ya pombe hutangulia puani kabla ya tunda. Iweke chupa kwenye friji saa moja hivi.

Muulizaji: Asanteni. Jumamosi nitanunua Merlot na ya Makutupora, na zote zitapita kwenye friji.