Chapa ya ayala yenye jina la K. Bodmer: ni ya bamba la shaba au ni nakala?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, nimenunua mnadani picha ndogo ya wino mweusi inayoonyesha ayala dume amesimama kando ya maji, majike wawili wakiwa nyuma yake, na chini kabisa katikati ya nyasi pamechorwa jina «K. Bodmer». Muuzaji alidai kwamba ni chapa ya karne ya 19. Msanii huyu ni nani, na nitaithibitishaje kazi yake?

Jibu la 1: Karl Bodmer alizaliwa Zürich mwaka 1809 na kufariki Paris mwaka 1893. Wengi humjua kwa safari ya Marekani ya 1832 hadi 1834 aliyoandamana na Mwanamfalme Maximilian wa Wied, ambako aliwachora Wamandan, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa Marekani, miaka michache tu kabla ya ndui ya 1837 kuwamaliza karibu wote. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji cha Ufaransa kando ya msitu wa Fontainebleau, na huko ndiko alikojikita katika wanyama wa msituni. Mwaloni mmoja wa msitu ule uliitwa kwa jina lake, na mchoraji Mfaransa Monet aliuchora mwaka 1865. Kwangu mimi, ayala wake hawajapewa heshima wanayostahili.

Jibu la 2: Tafuta kioo cha kukuzia. Katika kazi ya aina hii, bamba la shaba hupakwa nta, msanii akaikwaruza kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba palipokwaruzwa. Wino hujazwa katika mifereji hiyo na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Kwa hiyo mistari huinuka kidogo juu ya karatasi, na ukingo wa bamba huacha mbonyeo kuizunguka picha. Ukiona vitone vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni nakala ya mashine. Mbonyeo pekee usikuridhishe, maana zipo nakala za picha zilizochapwa kwa mabamba ambazo nazo huwa nao.

Jibu la 3: Nakushukuru kwa kuandika ayala, neno tulilolizoea katika Zaburi ya 42, maana wengi wangeandika kulungu. Pembe za kulungu hudumu maisha yake yote, ilhali ayala dume huangusha zake kila mwaka na kuotesha nyingine.

Muulizaji: Nimeitoa katika fremu. Vitone sivioni, na mistari ya pembe naihisi kwa ncha ya kidole. Kwa bahati mbaya, mtu fulani alikwisha kuipunguza karatasi kwa mkasi pande tatu, hivyo mbonyeo umebaki upande wa chini tu, chini ya jina.