Kikokotoo kiwandani: mkupuo wote au pensheni ya kila mwezi?

Fundi Mitambo: Wadau, 2024 mkupuo (fungu analopewa mstaafu kwa mara moja) wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, ulitoka 33% ukawa 35%. Wale waliokuwa wakipata mkupuo wa nusu kwenye PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya watumishi wa umma, wakawekewa 40%. Kikokotoo ndiyo fomula ya mafao hayo. Chukua fundi aliyechangia miezi 240, wastani wa mshahara wa laki sita kwa mwezi kwa ile miaka mitatu bora: 240 gawa kwa 580, zidisha 7,200,000, zidisha 12.5, zidisha 35%. Anaondoka na milioni 13 na ushee, kisha kama 161,000 kila mwezi. Kwa nini asipewe zote ajipangie?

Mzee Leja: Wapi! Mtu wa spana mpe zote, mwaka haujaisha ameoa wa pili na bajaji imeuzwa.

Spana 17: Hiyo "mtu wa spana" ifute. Watumishi wa serikali walikipigia kelele kikokotoo mpaka Magufuli akakisimamisha Desemba 2018. Mbona hao hukuwaambia wanataka kuoa?

Mzee Leja: Nimezungumzia nidhamu ya fedha. Anayewashwa ajikune.

Cherehani: Mnagombania mke wa pili wa mtu ambaye pensheni yenyewe haioni. Inatakiwa michango ya miezi 180. Kiwandani mkataba miezi mitatu, mwezi mmoja uko nyumbani, unaitwa tena. Hapo ni miezi 9 kwa mwaka, kwa hiyo 180 inatimia mwaka wa 20. Na kiinua mgongo ukikidai unaambiwa hujafikisha miezi 12 mfululizo.

Spana 17: Sawa dada, ila mzee ajibu kwanza. Sheria ya Ajira ya 2004 ilivyoandikwa, mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja. Sasa mwenye ajira ya kudumu pale ni nani? Wa kiyoyozi. Wa miezi mitatu? Mbeba marobota.

Mzee Leja: Kiinua mgongo si ndiyo mkupuo huohuo? Mnachanganya mambo.

Cherehani: Umechanganya wewe, na leja yako. Kiinua mgongo analipa mwajiri: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Mkupuo unatoka kwenye mfuko.

Mgeni Saiti: Samahani wakubwa, jina la NIDA (kitambulisho cha taifa) halifanani na la NSSF. Inaleta shida?

Fundi Mitambo: Inaleta, rekebisha sasa, usingoje kustaafu. Ukiwa hukohuko chukua taarifa ya michango, ilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Kuna makato yanayokatwa yasipelekwe. Kuna mchango wa 20% unaopigiwa kima cha chini wakati mshahara ni mkubwa, na hapo wastani wako umeliwa kimyakimya. Ukiwa na namba mbili za uanachama omba ziunganishwe, maana kila moja itakuwa na miezi yake na hakuna itakayofika 180.

Mgeni Saiti: Shukrani sana mkuu.

Spana 17: Mzee Leja bado hajafuta.