Magunia ya mboga nyumbani, soko la Kongowea ama mama mboga: ipi inaokoa pesa kweli hapa Mombasa?

Mwana_Mtopanga
Assalaam aleikum nyote. Nataka tulilinganishe hili jambo kwa shilingi. Mie nina magunia 6 uani tangu mwezi wa kumi na kila nilichotoa nimeandika daftarini. Magunia matupu 300, mchanga mwekundu mkokoteni mmoja 500, samadi ya mbuzi 600, mbegu za mchicha, kunde, bamia na nyanya 400. Jumla 1,800, na hiyo haikuniuma. Kinachoniuma ni maji. Mfereji kwetu hutoka siku mbili kwa wiki, zile tano zilizobaki nanunua, na sasa kaskazi imeingia magunia yanakunywa mtungi mmoja na nusu kila siku, mtungi shilingi 20, hiyo ni 150 kwa wiki, mwezi yapita 600. Na mboga za majani kwa mama mboga nilikuwa natumia 20 kwa siku, yaani hiyo hiyo 600! Sasa nimeokoa nini? Wenzangu mwafanyaje, nibaki na magunia, niwe naenda Kongowea mara moja kwa wiki, ama nirudi kwa mama mboga?

Kaka_Tudor
Dada hesabu yako iko sawa ila umechanganya mazao. Nyanya toa kabisa. Mie nilipanda miche 8, minne ikanyauka ikiwa na maua, yaani asubuhi iko sawa jioni imelala na ukiikata shina ndani ni kahawia, nikanunua dawa haikusaidia, na ile iliyobaki ikaja kuiva wakati malori yamejaza nyanya Kongowea za Taveta na Loitokitok na zengine za kutoka Tanzania, bei iko chini, hata sikupata nguvu ya kuzichuma. Nyanya, karoti, kabichi, viazi, hivi waachie wa bara. Wewe kaa na vitu vinavyopenda joto letu, mchicha, kunde, matembele, bamia. Mchicha wiki tatu nne ushakula, na usiung'oe, ukate juu uchipue tena.

Ramah_Magongo
Mie natetea Kongowea. Tuko majirani wanne, kila Jumamosi mmoja wetu anaenda alfajiri ananunua vitunguu, viazi na nyanya kwa wingi tunagawana, nauli inagawanyika pia. Ukienda peke yako kwa ajili ya kilo mbili za vitunguu, nauli imekula faida yote. Lakini niseme ukweli, kwa majani Kongowea haifai, ukinunua mchicha wa siku tatu siku ya pili ushalegea na kwa hili joto hata friji haiuokoi sana. Kwa hiyo kwangu si ama hiki ama kile, vitu vikavu sokoni, majani uani.

Bi_Mkubwa_Likoni
Mwanangu Mwana, maji ya kununua usiyape magunia, utafilisika. Sisi hapa nyumbani tuko watu 6 na kila mtu anatawadha juu ya beseni, birika moja ni kama lita moja hivi. Mara tano kwa siku, watu sita, hizo ni lita 30. Adhuhuri na alasiri wengine wako kazini na watoto shule, lakini mtungi mmoja haukosi hata siku moja. Hayana sabuni, ni maji safi tu yaliyopita kwa mikono na miguu. Ongeza ya kuoshea mchele. Ya kuoshea samaki pia yafaa lakini paka watakuchimbulia gunia lote, mie yalinifika. Na gunia liweke bomba la mawe katikati: chukua mkebe usio na kitako, jaza kokoto, zungushia mchanga, vuta mkebe juu, jaza tena, mpaka ufike juu. Maji yatashuka mpaka chini badala ya kumwagika pembeni. Mwagilia magharibi, si saa nane mchana. Tangu mwezi wa saba mie sijanunua mchicha wala matembele, na mbuzi wa jirani nimemzuia kwa wavu mkuukuu wa samaki.

Juma_Shanzu
Bi Mkubwa umesema kweli, shukran. Niongeze upande wa matunda maana hakuna aliyegusa. Kisima chetu kina chumvi, mndimu ukaungua ncha za majani mpaka nikaanza kuupa maji ya mvua na yale yanayodondoka kwa AC, ndoo nzima kwa siku, ndio ukarudi. Ndimu ukiwa nayo mwezi wa Ramadhani ndio utajua thamani yake. Lakini ukipanda mbegu utangoja miaka, nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwengine. Papai ni haraka, kabla ya mwaka washakula, ila panda matatu shimo moja kwa sababu mengine hutoka dume, ukiona maua ng'oa yale madume uache jike. Halafu kunguru! Papai likianza tu kuwa manjano lifunge kwa gunia la vitunguu ama ulitoe liivie ndani.

MamaZuu_Changamwe
Nyinyi nyote mna ua. Sisi wa kupanga ghorofani je? Mwenye nyumba alinitoa magunia yangu darini akasema paa litavuja, na sikumlaumu, gunia lililolowa ni mzigo. Mie nimebaki na ndoo tatu za rangi kwa baraza, mbili pilipili na moja kotmiri. Hizo zinaokoa, pilipili ndoo mbili tu na mwaka wa pili huu sijanunua. Mboga nanunua kwa mama mboga na simwachi, mwezi ukiwa tarehe 24 yeye ndiye anayenikopesha, na sukuma ananikatia kabisa nikitoka kazini. Hiyo nayo iwekeni kwa hesabu.

Kaka_Tudor
MamaZuu hapo sina la kukujibu, umenishinda.

Mwana_Mtopanga
Nimewasoma wote, Allah awalipe. Nyanya nimezing'oa leo, gunia lile nimetia matembele, vipando nimepewa bure na jirani. Bi Mkubwa, swali moja tu, maji ya udhu nayaweka kwenye ndoo mpaka magharibi, mbu hawatataga?

Bi_Mkubwa_Likoni
Ukiyamwaga kila siku hawawahi. Yakilala siku nyingi funika kwa kanga kuukuu.

Mwana_Mtopanga
Sawa Bi. Beseni nimenunua 150, nishaiandika daftarini.