Nipunguze kilo au niitupe mizani nifanye mazoezi tu? Wenye uzoefu naomba mpite hapa

bint_fuoni
Asalam alaykum wapenzi, poleni na joto. Nnaomba mawazo yenu maana mie kichwa kishavurugika. Nna miaka 41, watoto watatu, urefu mita 1.58, kilo 88. Mimba ya mwisho nilipata sukari ya mimba, nikajifungua ikaondoka, nikasahau kabisa. Mwezi uliopita nimepima sukari asubuhi sijatia kitu mdomoni ikaja 6.4, daktari akanambia bado hujawa mgonjwa lakini ushafika ukumbini, punguza uzito. Basi, ndo hivyo. Kanipa na karatasi ya usile hiki usile kile, wanga acha, nazi acha, mafuta acha, nikatoka pale najiuliza sasa kwetu kumebaki nini, maji na chumvi?

Na kupunguza mie si mgeni jamani. Tokea niolewe nishapunguza mara nne. Mara ya ndimu na maji ya moto, mara ya kuacha wali moja kwa moja, mara ya majani ya chai ya kukata tumbo niliyouziwa Darajani nikaharisha wiki nzima. Kabla ya harusi ya mdogo wangu nilitoa kilo 9, watu badala ya kunisifu wananambia una nini wewe, mumeo kaoa? Kufika Mfungo Sita zote zimerudi na wenzao watatu. Sasa wifi yangu yuko Uingereza ananambia huko kuna vikundi vya wanawake hawapimwi uzito kabisa, wanafundishwa kula kwa kusikiliza njaa yao, kutembea, kulala vizuri, na kuacha kuuchukia mwili. Nikaona raha kuisikia hiyo, halafu nikaona isije ikawa najidanganya na sukari inapanda. Mnasemaje?

mama_mapacha
Waalaykum salaam shoga. Mie nasema pungua, ila pungua kidogo, usitake kurudi ulivyokuwa siku ya nikaha. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Marekani, matokeo yake yalitoka 2002, watu 3,234 wenye sukari ya ukumbini kama yako na wengi wao wanawake. Kuna waliopewa walimu wa kuwashika mkono kwenye kula na mazoezi, dakika 150 za kutembea kwa wiki na lengo la kupungua asilimia 7 tu ya uzito, wengine wakapewa metformin, kile kidonge cha sukari, wengine vidonge vya bandia visivyo na dawa ndani. Baada ya karibu miaka mitatu, wale wa walimu waliopata kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wa vidonge vya bandia, wa metformin asilimia 31. Kwako wewe asilimia 7 ni kama kilo 6, si kilo 30! Na baadae wakahesabu wakaona kila kilo moja iliyotoka inashusha hatari kwa asilimia kama 16.

Mie mwenyewe nilitoa 8 kwa mwaka mzima. Sikuacha wali, nimepunguza upawa, nusu sahani mboga, kila ninachokula nakiandika kwenye daftari la mtoto la skuli, hata sambusa ya barazani naiandika, aibu ya kuandika sambusa ya tano ndo inayonizuia. Napima Ijumaa kwa Ijumaa. Mizani haina ubaya, inasema kweli tu.

kachori_moto
Daftari la sambusa 😂😂 mie langu lingeisha futari ya kwanza tu

mizani_marufuku
Inasema kweli kwako wewe bibie ulietoa 8 zikakaa. Huyu dada kashasema mara nne zimetoka na zimerudi na nyongeza, kwa hiyo shida yake sio hajui kupungua, kupungua anajua kuliko sisi sote hapa.

Mie nilikuwa hivyo hivyo. Nikipanda mizani Jumatatu nikaona imezidi nusu kilo, siku nzima silo kitu, usiku naingia jikoni kila mtu kalala nakula kiporo kwenye sufuria nimesimama, taa sijawasha. Miaka sita hiyo. Hata Ramadhani naifunga kwa hesabu ya kupungua, ibada imegeuka dayati, halafu siku ya Idi najilipiza. Nilipoitoa mizani nyumbani ndo nikajua njaa yangu ikoje, maana nilikuwa siijui, nilikuwa najua kushiba mno na kujinyima mno, katikati hapa hapakuwa na kitu.

Na utafiti na sisi tunao. 2005, huko huko Marekani, walichukua wanawake 78 wa miaka 30 mpaka 45, wote wanene na wote wamezoea kudayati, nusu wakapelekwa kwenye mpango wa kupunguza, nusu kwenye huo anaousema wifi yako. Kundi la dayati watu kama wanne kwa kumi waliacha njiani, la pili hata mmoja kwa kumi hawakufika. Baada ya miaka miwili wa dayati uzito umerudi na faida nyingi zimeondoka nao, hawa wengine uzito haukushuka lakini presha na mafuta ya damu yalikuwa mazuri kuliko walivyoanza, wanafanya mazoezi zaidi, na wanajiona watu. Mie nasema bora kitu kidogo ambacho mwakani bado unakifanya.

mama_mapacha
Sawa, lakini 78 ni wachache mno, na wao hawakuwa wakitafuta kisukari. Upo na mwengine wa 2016, wanawake 80, umbo kama lako bint_fuoni, kundi moja mizani na kundi moja bila mizani. Mafuta mabaya ya damu yalishuka kwa wale wasiopima, hilo nalikubali, lakini uzito ulishuka kwa wale wa kupunguza peke yao. Sasa mtu sukari 6.4 na alishawahi kupata sukari ya mimba unamwambia asijali kilo? Mie roho yangu haikubali.

mizani_marufuku
Sijasema asijali sukari, nimesema asijali mizani. Mizani haipimi sukari mama.

mchukwani_pemba
Samahanini kinamama, mie mwanamme napita tu, niko Chake. Mke wangu aliambiwa kama huyu dada. Akaanza vizuri, tatizo likawa mie. Kila jioni narudi na chipsi na soda za watoto, nikiona wali umepunguzwa nauliza leo kuna msiba? Siku moja akanambia nyie ndo mnaoninenepesha halafu mnanicheka. Ilinichoma ile. Sasa soda hainunuliwi, wali anapakua kila mtu mwenyewe badala ya sinia moja la kushindana mikono, na jioni tunatembea mpaka Gombani na kurudi. Kama kapungua au la sijui, hatuna mizani. Ila yeye anasema magoti hayamuumi kwenye kurukuu.

kachori_moto
Leo kuna msiba 😭 wanaume nyie

bi_nesi
Wanangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi spitali miaka 27 na hivi sasa nimestaafu, niseme kidogo.

Kwanza hiyo 6.4 usiiache kwa kipimo kimoja. Kapime tena, na kama unaweza kapime ile ya damu inayoonyesha wastani wa sukari yako ya miezi mitatu iliyopita. Na waliowahi kupata sukari ya mimba wana hatari kubwa zaidi, wapime kila mwaka hata kama wanajiona wazima wa kucheza ngoma. Kwenye ule utafiti wa 2002, wanawake wa aina yako metformin iliwasaidia karibu sawa na kula na kutembea, kila moja ilipunguza hatari kwa takriban nusu. Kwa hiyo daktari akikutajia kidonge usione umeshindwa.

Pili, mnagombana lakini nyote wawili mnatembea, nyote mnakula mboga, hakuna mmoja anaekunywa soda. Mnachogombania ni kile chombo kilichoko chini ya kitanda. Na kuna jambo hamjalitaja. Katika watu wa utafiti ule ule wa mama_mapacha walikuwemo ambao mwaka wa kwanza hawakufikia lengo la kupungua, lakini mazoezi ya dakika 150 waliyafikia. Hao nao kisukari kiliwapata kwa uchache, pungufu asilimia 44 kuliko wasiopungua na wasiotembea. Kilo hazikutosha kutoka na bado mwili ulifaidika. Wachina nao walianza wao 1986 mji wa Da Qing, watu 577, wakafuatwa miaka sita, kundi la mazoezi peke yake lilipata nafuu sawa sawa na la chakula, hata zaidi kidogo.

Ila mizani_marufuku usinipigie makofi bado. Kwa sukari, kilo zina kazi yake, hasa za tumboni, na mtu anaeweza kutoa 5 au 6 na akakaa nazo hapo sioni kwa nini nimzuie. Kwa moyo ndo mambo hayako wazi hivyo, watu 5,145 waliokuwa tayari na kisukari walipunguzwa uzito kwa juhudi kubwa wakafuatwa karibu miaka kumi, utafiti ukasimamishwa 2012 kwa sababu mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kuliko wenzao. Sukari yao ilikuwa nzuri zaidi, dawa walitumia chache, lakini moyo ule ule.

Sasa bint_fuoni, mie nakuuliza kitu kimoja nijibu kwa ukweli: ukipanda mizani ukaikuta imezidi, siku ile unakula vipi?

bint_fuoni
Bi nesi umenishika pabaya. Nikiikuta imezidi sili mpaka adhuhuri, halafu kila kinachopita mbele yangu nakila, na usiku namaliza na mkate wa kumimina. Kama mizani_marufuku kasoro taa mie nawasha.

bi_nesi
Basi mwanangu isiwe mizani yako wewe, angalau mwaka huu. Ikupime spitali, kila miezi mitatu, pamoja na sukari na presha. Nyumbani chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno mara moja kwa mwezi, ukiwa unaweza bila kulia, ukiona nao unakutia wazimu mrudishie fundi wake. Kazi yako iwe dakika. Thalathini kwa siku, siku tano, mwendo wa kutoa jasho na bado unaweza kusema na mwenzako lakini huwezi kuimba. Wali kula, mchana, upawa mmoja, na samaki na mchicha vitangulie kuingia tumboni. Soda na juisi za sukari acha kabisa, hapo sikupi nafuu. Na hayo majani ya kukata tumbo usiyarudie, hilo ni la kuharisha tu, unapungua maji.

Kiu kikizidi au ukaanza kwenda haja ndogo usiku mara kwa mara usingoje hiyo miezi mitatu.

mama_mapacha
Mie kwa bi nesi sina neno. Ila daftari chukua shoga, usiandike sambusa, andika dakika.

bint_fuoni
Nimeelewa, ahsanteni wlh. Mizani nampelekea mama leo leo akapimie karafuu zake. Nimepanga kutembea baada ya Alfajiri kabla watoto hawajaamka maana jioni nna tuisheni ya mkubwa na kupika. Tatizo kutoka peke yangu wakati ule naogopa, na mume nae anasema anakuja, siku ya tatu atakuwa keshalala. Kuna mtu wa upande wa Fuoni anatembea alfajiri?

mizani_marufuku
Mie niko Tomondo, tuko watatu, tunaanza saa kumi na mbili kasoro robo. Njoo na fimbo, mbwa wapo.

kachori_moto
Na mie nakuja. Mtaninunulia chai?

mizani_marufuku
Bila sukari.