Naomba ushauri: senti 37 nisizozielewa kwenye kadi ya mkopo

Habari zenu wakuu. Nipo Houston, Texas. Tangu Jumatatu nikifungua programu ya benki naona makato matatu kwenye kadi yangu ya mkopo, yote yameandikwa kuwa bado yanasubiri: dola 1, dola 1 tena, na senti 37.

Dola ya kwanza naielewa. Nilijaza mafuta siku hiyo, na pampu nyingi za huku huijaribu kadi kwa dola 1 kwanza, bei kamili inakuja baadaye na ile dola inajifuta. Ya pili nadhani ni huduma ya mtandaoni niliyojiunga kwa majaribio ya bure. Nao huhakiki kadi hivyohivyo.

Kinachoninyima usingizi ni hizo senti 37. Jina la muuzaji silijui kabisa, na wezi wa kadi hujaribu kwa kiasi kidogo, wakiona imepita wanarudi na kikubwa. Nimepiga simu benki, wanasema hawawezi kupinga malipo ambayo hayajakamilika, nisubiri. Najua sheria ya Marekani inaniwekea ukomo wa dola 50 kwa matumizi nisiyoyaidhinisha. Lakini kadi hii ndiyo ninayomlipia mdogo wangu ada ya chuo huko Morogoro, na mwisho wa kulipa ni wiki ijayo.

Kwa sasa nimeifunga kwa muda. Waliowahi kupitia hili, niombe kadi mpya leo na nihatarishe kuchelewesha ada, au nisubiri nione kama zitajifuta?