Namba tatu aliyekamilika: nimfundishe nini kwanza, na nimchezeshe wapi?

Meneja wa Jinja

Ndugu zangu, salaam. Ninaongoza timu katika BuzzerBeater, mchezo wa mtandaoni wa kuongoza timu ya mpira wa kikapu, nikiwa hapa Jinja, na msimu huu drafti (ugawaji wa wachezaji wapya kwa timu) imenipa kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa sentimita 201, ambaye kipaji chake kinamruhusu kukua hadi kufikia daraja la nyota. Nimekusudia awe namba tatu wangu, yaani fowadi mdogo (namba moja ni gadi mwongozaji, mbili ni gadi mrushaji, tano ni senta), kwa miaka mingi: mtu anayeweza kurusha kwa kuruka, kupenya, kumkaba mrushaji wa mbali, na bado akaingia chini ya kikapu kugombania ribaundi na warefu.

Kwa wiki sita nimempanga namba tatu katika kila mchezo na kufundisha mitupo ya kuruka, nayo imepanda vizuri hadi kiwango cha 8. Mengine hayakusogea. Ulinzi wa nje uko 4, ulinzi wa ndani 3, ribaundi 4, na udhibiti wa mpira 5. Nikiipitia orodha ya mazoezi sioni zoezi la ulinzi linalomlenga namba tatu, isipokuwa lile la timu nzima, ambalo humpa kila mmoja kidogo sana. Je, nianze na stadi zipi? Na je, ni sahihi kumtoa katika nafasi yake ilhali hiyo ndiyo nafasi ninayotaka aimudu?

Meneja wa Gulu

Ndugu, umeligusa jambo linalowachosha wengi. Katika mchezo huu stadi hufundishwa mahali zinapotumika zaidi, na namba tatu anazihitaji karibu zote, kwa hiyo mtu asiyetoka katika nafasi ya namba tatu hawezi kuwa namba tatu mzuri. Ukitaka ulinzi wa nje, mpange namba moja na uchague zoezi la namba moja peke yake, kwa sababu zoezi la nafasi moja huenda kasi kuliko la nafasi mbili, na la nafasi mbili huenda kasi kuliko la timu nzima. Ukitaka ulinzi wa ndani, mpange namba tano. Ndiyo, utamwona akipoteza mpira mbele ya wasumbufu wepesi, na wiki nyingine utamwona akisukumwa na masenta waliomzidi nguvu. Hiyo ndiyo ada ya shule yake.

Kuhusu utaratibu, kumbuka mambo mawili. La kwanza ni umri: mchezaji wa miaka 18 hujifunza haraka kuliko atakavyojifunza akiwa na 22, kwa hiyo yaliyo mazito yafanywe sasa. La pili ni urefu: mfupi hupanda haraka katika stadi za nje na mrefu katika stadi za ndani. Kwa sentimita 201 kijana wako yuko katikati, hapendelewi sana upande wowote wala haadhibiwi sana, na ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba umempata mtu anayefaa. Mimi ningeanza na udhibiti wa mpira pamoja na kupenya, kisha ulinzi wa nje, kwa kuwa stadi zinazohusiana huvutana: ile iliyobaki nyuma hupanda kwa wepesi zaidi pale jirani zake wanapokuwa juu. Zoezi la mmoja kwa mmoja kwa mafowadi litakusaidia sana hapo, kwani linagusa kupenya, udhibiti wa mpira na mitupo kwa wakati mmoja, na zaidi ya hayo linamruhusu abaki katika nafasi yake.

Nilipomlea wa kwanza wangu nilifanya kama wewe. Nilifuata mitupo ya kuruka hadi ikafika 13, nikifurahia alama zake kila Jumamosi, na msimu mpya ulipoanza mshahara wake ulihesabiwa kama wa namba mbili. Nikawa ninamlipa mrushaji wa bei ghali asiyeweza kumzuia mtu. Nilimuuza kwa majonzi, kwa sababu nilikuwa nimempenda kijana yule. Isimamishe mitupo hapo kwenye 8 kwa sasa.

Meneja wa Mbarara

Naongeza suala la dakika, kwa maana mpango wowote utaanguka usipolitunza. Ili apate mafunzo kamili anahitaji dakika 48 kwa wiki katika nafasi inayofundishwa. Mwandike yeye huyo huyo kama wa kuanza, wa akiba na wa mwisho katika nafasi ile, naye atacheza mchezo mzima asipoumia au kutolewa kwa makosa. Usiliache jambo hili hadi mchezo wa mwisho wa wiki. Vijana wenye ulinzi hafifu hujaza makosa upesi, na akitolewa dakika ya 39 utahitaji mchezo mwingine wa kufidia zile 9. Mimi hutumia mchezo wa kirafiki kwa nafasi za mbali kama namba tano, ambapo kushindwa hakuniumizi katika ligi.

Vilevile usimchoshe. Dakika zikizidi sana kwa wiki, hali yake ya mchezo hushuka. Ninajitahidi abaki kati ya 60 na 70.

Meneja wa Kampala

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu nafasi na dakika, ila neno «aliyekamilika» linahitaji kufikiriwa kwa utulivu. Nimewaona mameneja wakisawazisha kila stadi kwa 9, wakapata mchezaji asiyesumbua popote. Ukamilifu wa namba tatu ni kutokuwa na mlango ambao mpinzani anaweza kuupitia, na juu ya hapo kuwa na silaha moja au mbili zinazolingana na mbinu ya timu yako.

Nilipofuatilia AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 2021 iliyochezwa Kigali, Silverbacks wetu, timu ya taifa ya Uganda, walipoishinda Nigeria 80 kwa 68 na kuingia robo fainali, macho yangu yalikuwa kwa Ishmail Wainright. Ni fowadi wa takriban sentimita 196, naye kazi yake ilianzia kwenye ulinzi: kuhama kutoka kwa gadi kwenda kwa mtu mrefu bila timu kulazimika kumfunika. Mwaka huohuo alikwenda Phoenix Suns ya NBA, ligi kuu ya Marekani, na hakupelekwa kule na wingi wa alama. Kwa hiyo ningemwambia ndugu yetu wa Jinja afikishe ulinzi wa nje hadi 10 au 11 kabla ya jambo lingine kubwa, kisha ajiulize swali moja: timu yake inashambulia kutoka wapi? Ikiwa anatumia mashambulizi ya ndani, basi mitupo ya ndani na ribaundi ndizo silaha. Ikiwa anatumia mashambulizi ya nje, mitupo ya kuruka ina haki ya kurudi mstari wa mbele. Ulinzi wa ndani unahitajika kwa vyovyote vile, ingawa 7 au 8 zinatosha.

Meneja wa Jinja

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Ninashambulia kwa ndani, kwa hiyo nimeuona mwelekeo. Kwa wiki zilizobaki za msimu huu nitamfundisha mmoja kwa mmoja, na msimu ujao wote, wiki 14, nimpange namba moja kwa ajili ya ulinzi wa nje. Kinachonitia wasiwasi ni gadi wangu wa sasa, mwenye miaka 27, ambaye atakosa dakika katika nafasi yake. Timu iko nafasi ya tano katika ligi na nisingependa ishuke daraja kwa ajili ya mtu mmoja.

Meneja wa Gulu

Mhamishie gadi wako namba mbili, ndugu. Pasi zake zitaendelea kusaidia akiwa pale, na umri wake hauhitaji tena mafunzo. Siku unapokutana na timu mbili za juu, mrudishe namba moja, na dakika za kijana uzitafute katika mchezo wa kirafiki wa wiki hiyo. Kwa nafasi ya tano huna haja ya kuogopa. Ila mwangalie kijana katika michezo mitatu ya kwanza, na akipoteza mpira mno katika yote, mpe wiki mbili za udhibiti wa mpira kabla ya kuendelea na ulinzi.