Braithwaite wa Ontario: tumfananishe na MCA au na mbunge?

Mwl_Kondele:
Wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kisumu wanaandaa mdahalo kuhusu Leonard Braithwaite, wakili wa Toronto, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la mkoa nchini Kanada (1963). Wameandika kwamba alikuwa "kama MCA" (mjumbe wa bunge la kaunti) na kwamba "alifuta sheria ya shule za ubaguzi". Yatasimama mbele ya waamuzi?

Wakili_Milimani:
Mwalimu, yote mawili yataangushwa. Kifungu cha 93 cha Katiba ya Kanada ya 1867 kimeukabidhi mkoa elimu, kwa hiyo sheria ya shule za Ontario hutungwa na bunge la mkoa Toronto, si bunge la taifa Ottawa. Kwetu, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Sheria ya shule za msingi MCA haigusi hata akitaka. Kwa suala hili wamfananishe na mbunge.

La pili ni zito zaidi. Braithwaite alikuwa Mliberali wa upinzani. Serikali ilikuwa ya Wakonsavativu chini ya John Robarts. Februari 1964, katika hotuba yake ya kwanza, alikitaja kifungu kilichoruhusu watoto weusi watengewe shule, akataka kiondolewe. Waziri wa elimu, Bill Davis, ndiye aliyepeleka marekebisho bungeni, mwaka huohuo. Waandike "alisukuma hadi kikafutwa". Na mpinzani akidai kifungu kilikuwa kimekufa kitambo, wamjibu kwamba shule ya mwisho ya aina hiyo, Colchester South, ilifungwa 1965.

Mwl_Kondele:
Shukrani, wakili. Mmoja anashikilia kwamba baadaye alikuwa gavana.

Naks_Historia:
Huyo ni Lincoln Alexander, naye wakili, wa Hamilton: mbunge mweusi wa kwanza wa bunge la taifa (1968), kisha Luteni Gavana wa Ontario kuanzia 1985. Cheo hicho si cha kupigiwa kura kama gavana wetu wa Nakuru. Anamwakilisha mfalme na kuidhinisha miswada. Serikali ya mkoa inaongozwa na waziri mkuu wa mkoa.

Braithwaite alianza uwakili 1958, akaingia bodi ya shule ya Etobicoke 1960, akawa diwani 1962, kisha bungeni 1963 hadi 1975. Hiyo bodi ya shule wasiiruke, inaeleza kwa nini alianza na elimu.

Wakili_Milimani:
Naongeza moja, waamuzi hupenda kuliuliza: Ontario mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge. Kwetu kifungu cha 179 cha Katiba kinamtaka gavana ateue mawaziri wa kaunti ambao si MCA.